Jina Jipya la Jarida na Kadi za Igoki

Nyinyi mliobaki pale ofisini mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Nimestaafu, sijafa. Mishahara nitairuka na vyeo nitaviruka, maana vyote vilikuwa vidogo na kuvitaja ni kujitafutia huzuni bure. Nitaanza na siku ya kwanza, halafu nifike mwaka ule tulipobadilisha jina la jarida, na kitu kimoja nilichofanya wakati huo ambacho hakuna kati yenu anayekijua. Mkishakisoma mtaamua wenyewe.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za mbao mjini Meru, juu ya bucha ya Mzee Abdalla, ambako chama chetu cha wanasayansi wa udongo kilikuwa kimepanga chumba kimoja. Shoka likishuka kwenye mifupa huko chini, kalamu zilirukaruka mezani. Wiki ya kwanza nilisema hapa sikai. Kufikia mwaka wa pili, shoka likinyamaza, mimi ndiye niliyekuwa nashuka kuuliza kama Mzee Abdalla ni mgonjwa.

Mhariri wetu alikuwa Daktari Nthiga, mtu wa Embu, mwembamba, asiyevua sweta hata jua likiwaka namna gani. Alinipa rula ya chuma, kalamu nyekundu na mkebe wa biskuti uliojaa kadi za posta. Aliniambia, "Karimi, duniani kuna watu wa kusema na watu wa kuona. Jarida hili ni la watu wa kuona. Hatuchapi ambacho hakuna mtu aliyekiona." Nilidhani ni maneno ya kumkaribisha mgeni. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, yote.

Rula ile haikuwa ya kuchora mistari. Unaiweka chini ya safu ya tarakimu, unasoma kwa sauti moja baada ya nyingine, na mwenzako ameshika kadi ya asili anaitikia. Ukiruka mstari, umempa mkulima mvua ambayo hakuipata. Siku hizi mnasema kompyuta inakagua. Sawa. Kompyuta inajua kama tarakimu ni tarakimu, haijui kama mtu alitoka nje na kuangalia.

Jarida lilikuwa linaitwa Udongo na Mvua. Mbele kulikuwa na makala za wasomi, na mwisho kabisa Ukurasa wa Mvua, vipimo vya watu wa kawaida waliojitolea huku Meru na kule Embu. Kila mmoja alipewa kipimamvua, mkebe mrefu wa chuma unaosimikwa mahali pa wazi, pamoja na gilasi ya kupimia. Saa tatu asubuhi anatoka, anamimina maji kwenye gilasi, anasoma, anayamwaga, anaandika. Mwezi ukiisha anatuma kadi. Kama mvua haikunyesha anaandika sifuri, na kama hakupima anaweka kistari. Daktari alikuwa mkali sana hapo. "Sifuri ni habari," alikuwa anasema. "Kistari ni aibu, lakini aibu ya ukweli."

Nilijua ukali wake kule Mitunguu. Mpimaji wetu wa huko, Bwana Muriungi, alituletea mvua nzuri katikati ya kiangazi, wakati Imenti nzima ilikuwa inakohoa vumbi. Nikatumwa kuangalia. Nilikuta kipimamvua kimesimama katikati ya migomba, na bomba la umwagiliaji linazunguka juu yake tii, tii, tii.

Nikamwambia, "Muriungi, hii si mvua."

"Madam, ni maji kutoka juu," akajibu, na hakuwa anacheka.

Tulihamisha kile kipimamvua, na Daktari akafuta miezi minne yake yote, vistari juu mpaka chini. Muriungi hakunipa chai siku ile, na hata leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa kidevu tu. Ninawaambia hili ili mjue kwamba kufuta nilifundishwa, na nilikuwa najua kufuta.

Kati ya kadi zote, za Igoki wa Karurumo, kule Embu, nilizijua hata kabla sijazigeuza. Wino wa bluu. Saba yake ilikuwa na mkanda kiunoni. Hakuwahi kuchelewa wala kuweka kistari hata kimoja, na chini kabisa, baada ya tarehe ya mwisho, aliandika neno moja: Tuko. Daktari Nthiga alimkuta akipima alipokuwa yeye mwenyewe kijana. Alipofariki Daktari tulituma barua kwa wapimaji wote, na kadi ya Igoki ya mwezi ule ilikuja vilevile, tarakimu zote, Tuko. Nilikasirika kidogo. Nikasema moyoni, mama huyu hata pole hajui. Baadaye nilielewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa pole yenyewe. Sikuwahi kumwona kwa macho. Mwenye kadi safi hatembelewi, anatembelewa Muriungi.

Sasa, jina. Mwenyekiti wetu mpya, Profesa Mutwiri, aliitisha mkutano akasema jarida libadilishwe jina. Siwezi kumlaumu. Walimu vijana wa vyuo walikuwa wanatuandikia makala za maana, halafu wakienda kuomba kupandishwa wanaulizwa, Udongo na Mvua ni nini, kijitabu cha wakulima? Kijana mmoja alilia mbele yangu, mwanamume mzima na tai shingoni. Jina lililopendekezwa lilikuwa Jarida la Kimataifa la Mifumo Endelevu ya Nyanda za Juu. Mpiga chapa aliniuliza kama ni jina ama ni muhtasari.

Mhazini wetu mzee akasema, "Jina jema hung'ara gizani."

"Gizani ndiko tuliko, mzee wangu," Profesa akamjibu, na kura zikapita.

Kubadilisha jina la jarida si kubadilisha kibao cha mlangoni. Kila jarida lina namba yake ya tarakimu nane inayotolewa na watu wa maktaba, na jina likibadilika ile namba ya zamani inafungwa. Unajaza fomu, na kwenye ile fomu kuna swali: jarida hili linaendeleza lipi? Ukiacha wazi, umezaa mtoto asiye na ukoo. Profesa alitaka iachwe wazi, tuanze upya, na Ukurasa wa Mvua utoke kabisa.

Kwenye mikutano kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu, si kusema. Siku ile nilisema. Niliwaambia kwamba kule Karurumo kuna vipimo ambavyo havijakatika hata siku moja tangu jarida lianze, na mnataka kuvitupa kwa sababu ya tai za watu. Profesa akasema, "Haya, Mama Karimi. Lete majina ya wapimaji wa Karurumo na tarehe zao, nani alianza lini na kumaliza lini. Kama hakuna siku hata moja isiyo na mtu, ukurasa utabaki na fomu itasema tunaendeleza. Ikipatikana siku moja tu bila mpimaji, tunafunga yote."

Nikaona ni kazi rahisi, mpimaji ni mmoja. Nikafunga mkebe wa kadi kwenye kikapu nikaenda Karurumo.

Pale sokoni nilipouliza kwa Igoki nilionyeshwa njia bila mtu kushtuka. Nikafika kwenye boma safi, kahawa upande mmoja na migomba upande mwingine. Mzee mmoja mwenye kichwa cheupe kabisa alikuwa anarekebisha zizi la mbuzi. Jina lake Ireri, nilikuja kulijua baadaye.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu. Ingia tu, mbwa amefungwa."

"Nimetoka Meru, kwa jarida la mvua. Namtafuta Igoki."

"Mama?" Akaweka nyundo chini, akatabasamu. "Mama yuko. Ameshuka hapo kwa mto, saa hii atarudi. Kaa kwa kivuli."

Nikakaa. Nikaanza kupiga hesabu, maana ndiyo tabia yangu. Mzee huyu hakosi miaka sabini. Basi mama yake ana mingapi, na ameshuka mtoni peke yake? Nikageuza macho nione kipimamvua, nikakiona pale penye uwazi, kinang'aa. Hatua tatu kutoka pale, kando ya migomba, palikuwa na kaburi la saruji lenye msalaba. Nikasoma jina: Igoki. Nikasoma mwaka. Ulikuwa mwaka wa tisa tangu azikwe.

Niliogopa, sitaki kuwaficha. Jua lilikuwa linawaka, kuku wanachakura, na mimi nywele zimesimama. Kadi ya mwezi uliopita ilikuwa kwenye kikapu changu, wino wa bluu, Tuko. Nikamtazama yule mzee, akanitazama kwa upole kama mtu aliyeniambia jambo la kawaida. Nikasikia miguu nyuma yangu, na sauti ya mwanamke ikasema, "Mimi ndiye Igoki. Wewe ni Karimi wa jarida?"

Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amebeba mtungi wa plastiki, leso kichwani.

Loh! Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Mimi ni mtu wa Meru, mila hii naijua tangu mgongoni mwa mama. Binti wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, na baba humwita mama, kwa heshima kamili, hata akiwa wa miaka miwili na kamasi puani. Mama mzee alikuwa amekufa, mama mpya alikuwa anapima. Mambo ni hayo tu. Igoki akacheka na yeye, akatuletea chai na ndizi za kuchoma.

"Mbona hukutuambia bibi amefariki?" nikamuuliza.

"Ningewaambia nini, Madam? Igoki alikuwa anapima, Igoki anapima." Akamimina chai. "Ningeweza kuwatumia kwa simu, lakini cucu alisema kadi ni kadi. Mwandiko alinifunza yeye, alikuwa ananishika mkono hivi. Hata ile saba yake na mkanda."

Basi nikatoa daftari nijaze tarehe. Cucu wake, yaani bibi yake, alifariki siku ya mwisho ya mwezi wa nne, jioni, kadi akiwa ameshaituma. Nikaandika. Nikauliza, na wewe ulianza lini?

"Mwezi wa saba. Nilikuwa nafundisha chekechea huko Nakuru. Nilikuja mazishi nikarudi, shule ikafunga, nikahamia hapa nimwangalie baba. Mwezi wa saba tarehe moja ndio nilianza."

"Mwezi wa tano na wa sita nani alipima?"

"Hakuna. Wekeni vile vistari."

Nilifungua mkebe. Vidole vyangu vilijua pa kwenda. Kadi ya mwezi wa tano ilikuwepo, na ya mwezi wa sita ilikuwepo, zote mbili na muhuri wa posta. Mimi mwenyewe nilizipiga chapa mwaka ule, kwa rula ya chuma. Nikamwekea Igoki mapajani. Akazisogeza karibu na macho.

"Huu si wangu," akasema polepole. "Huu ni wa cucu."

"Ulisema mwandiko wenu ni mmoja."

"Unafanana. Lakini cucu alikuwa anaanza sifuri kutoka chini. Ona hapa wino umeanza chini. Mimi naanzia juu, hakuweza kunitoa hiyo." Akamgeukia baba yake. "Baba, ni nani alipima kabla nije?"

Mzee Ireri hakujua kusoma wala kuandika, aliniambia hivyo bila aibu. Na mke wake alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo miezi ile alikuwa peke yake pale bomani na mbuzi. "Mimi sikupima," akasema. "Lakini kile chombo kilikuwa kinamwagwa. Mvua ikinyesha, asubuhi nikishakamua narudi nakuta kimegeuzwa, kimekauka, kimerudishwa. Nilisema ni mbuzi. Halafu nikasema mbuzi hawezi kurudisha."

"Hukumwambia mtu?"

"Niseme nini? Mama alikuwa anafanya kazi yake."

Nikaweka kidole kwenye kadi ya mwezi wa sita, tarehe kumi na saba, mahali palipoandikwa milimita kumi na moja. Siku hiyo nilikuwa naikumbuka, kwa sababu Runyenjes walileta sifuri, Embu mjini sifuri, Mitunguu sifuri, na mimi nilisita kwa rula yangu kabla ya kuichapa. Sikumwonyesha mzee, wala asingeweza kuisoma. Nilimuuliza tu kama mwezi ule kulikuwa na mvua yoyote.

"Moja tu," akasema. "Siku moja, jua likiwa hapo juu. Ilinyesha hapa kwetu peke yake, kutoka kwa ile migomba mpaka kwa kahawa. Barabarani kulikuwa na vumbi. Ililoanisha kaburi, ikaenda."

Mbuzi mmoja alikohoa na mimi nikaruka. Nilitaka kwenda nyumbani, nataka mjue hivyo. Nilipoaga, Igoki alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono.

"Madam, nimesikia jarida linapewa jina ingine. Na ule ukurasa?"

"Bado hatujui."

"Kila likitoka namsomea baba. Makala hayamhusu. Nikifika penye 'Karurumo, Igoki', anasema, 'Sawa, mama yuko,' halafu analala vizuri. Mkiutoa, haki ya Mungu, sijui nitamwambia nini. Itakuwa kumzika mama yake mara ya pili, na mara hii ni mimi nitakuwa nimemletea habari."

Niliporudi Meru sikulala siku tatu. Kosa lilikuwa wazi: miezi miwili haina mpimaji. Daktari Nthiga angeweka vistari sitini na moja na kumaliza. Tulimfutia Muriungi miezi minne kwa maji ya bomba, sasa nitamwachia nani miezi miwili kwa sababu gani? Lakini kanuni yenyewe ilisemaje? Hatuchapi ambacho hakuna mtu aliyekiona. Kumi na moja ile ilionekana. Mvua ilinyesha, na aliyeandika aliandika kweli, kuliko Muriungi aliye hai. Nilizunguka hapo mpaka kichwa kikauma. Mwisho nikashuka kwa Mzee Abdalla, nikamuuliza, mtu akikuletea nyama nzuri na humjui alikoitoa, unauza?

"Nyama nanusa," akasema, "lakini na mwenye kuileta namuuliza jina. Asiye na jina simnunulii."

Nikapanda ngazi. Nikachukua karatasi ya majina aliyoitaka Profesa. Pale pa jina la mpimaji wa Karurumo nikaandika Igoki. Pale pa tarehe ya kuanza nikaandika mwezi ule wa kwanza wa jarida. Pale pa tarehe ya kumaliza nikaandika: anaendelea. Mstari mmoja tu. Kisha kwenye fomu ya maktaba, kwenye lile swali la linaendeleza lipi, nikaandika Udongo na Mvua kwa herufi kubwa.

Profesa Mutwiri aliisoma mara mbili. Akavua miwani. "Mama huyu ana miaka mingapi?"

"Sikuuliza, Profesa. Si adabu."

Ni mtu wa huku huku, na yeye ana binti anayemwita mama. Shoka likashuka mara nne huko chini. Akatia sahihi. Sijui alielewa kiasi gani na sikutaka kujua.

Kwa hivyo jarida likapata jina lile refu, na vijana wakapandishwa, na mwisho kabisa, nyuma ya mifumo endelevu yote, Ukurasa wa Mvua ukabaki. Hilo ndilo nililowaficha. Kadi mbili za mwezi wa tano na wa sita ziko kwenye mkebe wa biskuti, droo ya tatu, nimezifunga kwa uzi mwekundu. Mkitaka kuweka vistari wekeni, sitawagombeza. Lakini someni na hili la mwisho kwanza.

Juma langu la mwisho kazini Igoki alinipigia simu. Mzee Ireri alikuwa amefariki. Alikaa kwenye kiti chake pale penye uwazi, saa tatu asubuhi, akasema, "Mama amekuja," na Igoki akajibu, "Nimekuja, baba," akiwa na gilasi mkononi. Mzee hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia upande wa migomba.

Nililia pale kwenye simu na yeye akalia. Kisha akajifuta pua akasema, "Madam, naomba radhi kwa kadi. Siku nne za matanga sikugusa chombo, na watu walikuwa wengi, hakuna aliyegusa. Na kadi yenyewe sijaituma, niko nayo hapa mezani. Weka tu vistari."

Nilimwambia pole, nikamwambia apumzike, nikakata simu. Sikumwambia kwamba barua za posta zilikuwa zimeletwa asubuhi ile na nilikuwa nimeshazifungua. Kadi ya Karurumo ilikuwa mbele yangu, wino wa bluu, tarakimu thelathini, zile siku nne zimejazwa kama nyingine, na kila sifuri imeanza kutoka chini. Ila neno la mwisho lilikuwa limeongezeka. Miaka yote liliandikwa Tuko. Safari hii liliandikwa Tuko wote.

Nilichukua rula ya chuma, nikaiweka chini ya safu, nikazisoma zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, nikazipiga chapa.